Usiifute Ritifaa: Maswali ya Wanaojenga Tovuti Zenye Hifadhidata

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watu wanaojenga tovuti yao ya kwanza yenye fomu mbele, PHP katikati na MySQL nyuma. Nimezipanga nilivyoona zinafuatana. Moja nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu anayeielewa hiyo ameshaielewa nusu ya kazi hii.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeandika faili langu la kwanza la PHP, nikalibofya mara mbili kama nilivyozoea kufanya kwa HTML. Kivinjari kimefunguka, ukurasa mweupe. Mwenzangu yeye anaona vipande vya msimbo wake vimemwagika kwenye skrini. Tumekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Huenda hamjakosea hata herufi moja. Kivinjari hakijui PHP. Kinajua HTML, CSS na JavaScript. PHP hufanya kazi upande wa seva. Ombi likifika, seva humkabidhi PHP faili, naye hutekeleza yaliyomo kati ya `<?php` na `?>`, huenda kwenye hifadhidata pakiwa na haja, kisha hutoa HTML. Kinachomfikia msomaji ni hiyo HTML peke yake. Ninyi mmekipa kivinjari faili ambalo PHP hajaligusa.

Weupe nao una sababu yake. Kivinjari kikilichukulia faili hilo kama HTML, kikikutana na `<?` hukichukulia kilichofuata kuwa ni maelezo yasiyohusika na kukificha, mpaka kifike kwenye alama ya kwanza ya `>`. Faili lako pengine halina alama hiyo mpaka mwisho kabisa, kwa hiyo limefichwa lote. La mwenzako bila shaka lina `->` au `=>` mahali fulani, na kuanzia hapo msimbo umetokeza nje.

Tazama anwani iliyo juu ya kivinjari. Ikianza na file:// basi hakuna seva iliyohusika. Fungua terminali ndani ya folda ya mradi wako, andika:

php -S localhost:8000

kisha fungua http://localhost:8000/index.php. Seva hii ndogo imo ndani ya PHP yenyewe tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012. Ni ya kujifunzia tu, usiiweke hadharani. Na kila ukiwa na shaka, fungua chanzo cha ukurasa ndani ya kivinjari: ukiona `<?php` humo, PHP haijapita.

Swali: Mwalimu, ninakusanya methali kwenye tovuti yangu. Jedwali linaitwa methali, lina safu za id, maneno, maana na imekubaliwa. Methali iliyotumwa na msomaji hukaa na 0 kwenye imekubaliwa mpaka niipitie, ndipo naiwekea 1. Ukurasa wa kutafuta ulikuwa sawa kabisa: "haraka", "mtoto", "maji", yote yalileta majibu. Juzi mtu kaandika "ng'ombe", ukurasa ukafa na kutoa maneno ya Kiingereza yanayolalamikia sintaksia ya SQL. Nafikiria kuifuta ile alama kabla ya kutafuta. Mstari wangu ni huu:

$sql = "SELECT * FROM methali WHERE imekubaliwa = 1 AND maneno LIKE '%$neno%'";

Jibu: Usiifute. Ritifaa, yaani hiyo alama ya ' iliyo ndani ya ng'ombe, imekuonyesha ufa uliokuwepo tangu siku ya kwanza, na nashukuru aliyeuona kwanza alikuwa mtu anayemtafuta ng'ombe tu.

Tuutazame mstari wako baada ya PHP kuliingiza neno mahali pa `$neno`. Kinachofika MySQL ni hiki:

SELECT * FROM methali WHERE imekubaliwa = 1 AND maneno LIKE '%ng'ombe%'

Katika SQL, lugha ya kuiamrisha hifadhidata, maandishi hufunguliwa kwa ritifaa na kufungwa kwa ritifaa. MySQL imesoma `'%ng'`, ikaona maandishi yamefungwa, ikageuka na kukuta `ombe%'` limening'inia, wala si amri inayoijua. Ikagoma. Neno la msomaji limetoka kuwa neno na kuwa sehemu ya amri, na amri hiyo uliikusudia uiandike wewe peke yako.

Sasa mchukue msomaji wa aina nyingine. Huyu anaandika kwenye kisanduku chako cha kutafuta maneno haya, na mwishoni anaacha nafasi:

zzz' OR 1=1 -- 

MySQL inapokea:

SELECT * FROM methali WHERE imekubaliwa = 1 AND maneno LIKE '%zzz' OR 1=1 -- %'

Vistari viwili vikifuatwa na nafasi huanzisha maelezo, kwa hiyo `%'` iliyobaki inapuuzwa na hakuna kosa lolote linalotokea. AND hukamilishwa kabla ya OR. Sharti linakuwa: ama imekubaliwa na ina zzz, ama moja ni sawa na moja. Moja ni sawa na moja kwa kila rekodi ya jedwali. Ukurasa wako unamwaga kila kitu, pamoja na zile methali zenye 0 ambazo hukutaka zionekane. Na huyo ni mpole. Anayejua kutumia UNION, amri inayounganisha majibu ya maulizo mawili, anaweza kukiomba kisanduku hicho hicho kilete majina na nenosiri kutoka kwenye jedwali la watumiaji, yakaja yamepangwa vizuri mahali pa methali. Hila hii ilielezwa hadharani katika jarida la Phrack mwaka 1998, na tovuti bado zinaangushwa nayo, kwa sababu mstari kama wako unafanya kazi vizuri sana wakati wa majaribio.

Kufuta ritifaa hakuponyi. Kwanza unaiharibu lugha: "ng'ombe" inageuka "ngombe", na utafutaji hautaipata methali iliyohifadhiwa kwa tahajia yake sahihi. Pili, ufa unabaki popote unapochomeka namba, kwa mfano `WHERE id = $id`, ambapo mshambuliaji hahitaji ritifaa hata moja.

Dawa ni kuitenga amri na data. Andika hivi kwa PDO, sehemu ya PHP inayozungumza na hifadhidata (`$pdo` yenyewe tutaiunda hapa chini):

$ulizo = $pdo->prepare('SELECT maneno, maana FROM methali WHERE imekubaliwa = 1 AND maneno LIKE ?');
$ulizo->execute(['%' . $neno . '%']);
$majibu = $ulizo->fetchAll();

Amri inakwenda kwanza ikiwa na alama ya kuuliza. MySQL inaichambua na kuielewa kabla haijaliona neno la msomaji. Neno linafuata baadaye, peke yake, na wakati huo muundo wa amri umeshafungwa. Hata mtu akiandika ukurasa mzima wa SQL kwenye kisanduku, MySQL itatafuta methali yenye maandishi hayo, isiipate, basi. Huchunguzi tena kama herufi fulani ni nzuri au mbaya.

PDO inapozungumza na MySQL huwa, kwa kawaida yake, inaigiza utengano huu upande wa PHP badala ya kuuacha ufanyike kwenye hifadhidata. Mimi huuzima uigizaji huo wakati wa kuunganisha:

$pdo = new PDO('mysql:host=localhost;dbname=tovuti;charset=utf8mb4', $jina, $siri, [PDO::ATTR_EMULATE_PREPARES => false]);

Ukisharekebisha, utakutana na mitego miwili. Wengi huandika `LIKE '%?%'` wakidhani wamefuata ushauri. Alama ya kuuliza iliyo ndani ya ritifaa ni alama ya kuuliza ya kawaida. PDO itakulalamikia kwamba idadi ya thamani hailingani. Asilimia zinaunganishwa na neno upande wa PHP, kama nilivyofanya hapo juu. Na alama hiyo hushika nafasi ya thamani tu. Haishiki jina la jedwali wala la safu. Ukitaka msomaji achague kupanga kwa maneno au kwa maana, usichomeke alichokituma ndani ya ORDER BY. Linganisha na orodha uliyoiandika mwenyewe, na kisichomo ukikatae.

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu wanaoandika lugha nyingine hawalipati mara nyingi kama sisi. Simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda, ’, badala ya iliyonyooka, '. Kwa macho ni ng'ombe yule yule. Kwa hifadhidata ni herufi mbili tofauti, U+2019 na U+0027, na anayetafuta kwa moja hampati aliyehifadhiwa kwa nyingine. Chagua moja ushikamane nayo. Mimi huchagua iliyonyooka, na mstari huu naupitishia neno linapohifadhiwa na linapotafutwa:

$neno = str_replace(['’', '‘'], "'", trim($neno));

Huku ni kusanifisha tahajia, hakuhusiani na usalama. Usalama umeshashughulikiwa na prepare. Nasisitiza hivyo kwa sababu nimepitia misimbo mingi ambamo mistari ya `str_replace` imerundikwa ikitumainiwa kuzuia mashambulizi, na haizuii.

Swali: Mimi sikupata kosa la SQL, lakini kwenye ukurasa wangu watu wanasoma ng&#039;ombe na king&#039;ora. Nilishauriwa kila kinachotoka kwenye fomu nikipitishe kwenye htmlspecialchars kabla ya kukihifadhi, nami nikafanya hivyo. Wakati wa kuonyesha napitisha tena kwa tahadhari.

Jibu: Ushauri ulikuwa mzuri, ila umewekwa mahali pasipo pake. `htmlspecialchars` ipo ili maandishi ya mtu yasigeuke kuwa HTML. Mtu akiandika `<script>` kwenye maana ya methali nawe ukaitoa kama ilivyo, kivinjari cha kila msomaji kitaitekeleza. Amri hii hugeuza `<` kuwa `&lt;`, na tangu PHP 8.1 hugeuza ritifaa pia bila kuombwa, ikawa `&#039;`. Kivinjari kikiiona hiyo huchora ritifaa, na msomaji hajui kilichopita.

Wewe umeigeuza mara mbili. Kwenye jedwali umehifadhi `ng&#039;ombe`. Wakati wa kuonyesha, ile `&` ya mwanzo nayo imegeuzwa kuwa `&amp;`, na kivinjari kikachora kwa uaminifu herufi ulizozihifadhi. Nina hakika hata utafutaji wako umekufa kimya kimya: anayeandika ng'ombe hampati, kwa sababu ng'ombe hayumo kwenye jedwali lako.

Hifadhi neno kama lilivyoandikwa. Linapotoka, litayarishe kwa ajili ya pale linapokwenda. Likienda kwenye SQL, linapita kwenye `prepare`. Likienda kwenye HTML, linapita kwenye `htmlspecialchars` wakati ule ule wa `echo`. Likienda kwenye JSON kwa ajili ya programu ya simu, linapita kwenye `json_encode`. Kesho ukitaka kuchapisha kitabu cha PDF kutoka kwenye jedwali hilo hilo, neno liko salama, halina vumbi la HTML.

Rekodi zilizokwisha kuharibika zinasafishika. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, kisha andika hati fupi ya PHP ipitie kila rekodi, itumie `html_entity_decode($maneno, ENT_QUOTES, 'UTF-8')` na kurudisha matokeo kwa UPDATE. Iendeshe mara moja, uifute kwenye seva.

Swali: Mwalimu, mimi nimestaafu na ninajifunza mwenyewe kwa kitabu alichoniachia mwanangu. Kila mfano unaanza na mysql_connect, na kila mara naambiwa amri hiyo haipo. Nimeweka PHP upya, haikusaidia.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Usiweke tena, PHP yako ni nzima. Familia yote ya amri zinazoanza na `mysql_` iliondolewa katika PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, baada ya watumiaji kuonywa tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013. Haikuwa na njia ya kuitenga amri na data kama nilivyoeleza hapo juu. Badala yake una mysqli au PDO. Mimi nakushauri PDO, kwa sababu ukihamia SQLite au PostgreSQL namna ya kuzungumza na hifadhidata inabaki ile ile.

Kitabu chenyewe usikitupe. Masomo yake ya vigeu, vitanzi na fomu, na sura za SELECT na JOIN, kwa sehemu kubwa yangali na faida. SQL ina mizizi katika karatasi ya Edgar Codd ya mwaka 1970 alipokuwa IBM, na misingi ile haijayumba. PHP ndiyo iliyokimbia: Rasmus Lerdorf alipoitoa hadharani mwaka 1995 ilikuwa vijizana vya kutunzia ukurasa wake binafsi, na mambo mengi ya miaka ya mwanzo yamelazimika kufukuliwa na kujengwa upya. Ukifika kwenye mfano wa kitabu unaounganisha neno na SQL kwa nukta au kwa `$` ndani ya nukuu, simama hapo, uuandike upya kwa `prepare`. Utajifunza zaidi kuliko aliyeanza na kitabu kipya.

Swali: Mtu akituma fomu kisha akabonyeza kitufe cha kupakia ukurasa upya, methali inaingia mara mbili. Wengine mara nne.

Jibu: Ukurasa wako unapokea POST, yaani ombi la kutuma data, unahifadhi, kisha unaonyesha "Asante" hapo hapo. Kwa kivinjari, kuupakia upya ukurasa huo ni kulituma lile ombi tena, na ombi lenyewe lilikuwa POST. Baada ya kuhifadhi, usionyeshe kitu. Mwelekeze kwingine:

header('Location: asante.php', true, 303);
exit;

Namba 303 inakiambia kivinjari kikachukue asante.php kwa GET, yaani ombi la kusoma tu. Akipakia upya sasa, anapakia asante tu. Usiisahau `exit`: `header` hutuma agizo la kuelekeza, haisimamishi hati, na msimbo ulio chini yake utaendelea kutekelezwa. Ukiambiwa vichwa vimeshatumwa, tafuta mstari mtupu au nafasi kabla ya `<?php` kwenye faili hilo au lolote unalolijumuisha. Herufi moja tupu inatosha kuanzisha ukurasa.

Ukitaka kinga zaidi, weka UNIQUE kwenye safu ya maneno, hifadhidata yenyewe ikatae ya pili. Mtu mwenye intaneti ya kusuasua anaweza kubonyeza mara mbili kabla ya jibu la kwanza kufika, na kuelekeza peke yake hakumzuii.

Swali: Nahifadhi nenosiri za wanachama kama walivyoziandika, ili anayesahau nimtumie. Jamaa yangu kanigombeza, kasema nitumie MD5. Nimsikilize?

Jibu: Kukugombeza ana haki. Kwenye MD5 usimfuate.

Watu hurudia nenosiri moja kila mahali. Jedwali lako likivuja, hujapoteza siri za tovuti ya methali. Umetoa funguo za barua pepe za watu waliokuamini. MD5, njia ya kugeuza maandishi kuwa hashi, yaani mfuatano wa herufi usiorudishika kuwa maandishi ya awali, nayo ni nyepesi mno: ilitengenezwa iwe na kasi, na kasi hiyo inamsaidia anayekisia mamilioni ya nenosiri mpaka apate linalolingana. Unahitaji kitu kizito kwa makusudi, na PHP inacho tangu 5.5:

$hashi = password_hash($nenosiri, PASSWORD_DEFAULT);

Anapoingia, unalinganisha kwa `password_verify($nenosiri, $hashi)`. Chumvi, yaani herufi za nasibu zinazochanganywa na nenosiri, huwekwa yenyewe ndani ya hashi, kwa hiyo watu wawili wenye nenosiri moja watapata hashi tofauti. Kwa sasa matokeo yana herufi 60, lakini iweke safu kuwa VARCHAR(255), maana njia inayotumika inaweza kubadilishwa na matoleo yajayo. Niliwahi kuletewa mfumo ambao hakuna mwanachama aliyeweza kuingia. Safu ilikuwa VARCHAR(50), kila hashi ikakatwa mkia kimya kimya na hakuna iliyolingana tena.

Anayesahau hutamrudishia nenosiri la zamani, kwa sababu hata wewe hutakuwa nalo. Mtengenezee namba ya siri kwa `bin2hex(random_bytes(32))`, uihifadhi kwenye jedwali ikiwa imepitishwa kwenye `hash('sha256', ...)` pamoja na muda wa kuisha, saa moja inatosha, na umtumie kiungo chenye namba yenyewe. Akikifungua ndani ya muda, anaweka nenosiri jipya, nawe unaifuta rekodi hiyo ili kiungo kisitumike tena.

Kwa walioko tayari kwenye jedwali lako, usingoje waingie mmoja mmoja. Andika hati leo ipitie kila rekodi, ipitishe nenosiri kwenye `password_hash` na kuandika hashi mahali pake. Ukishahakikisha unaweza kuingia, tafuta nakala zote za zamani za hifadhidata ulizozihifadhi, kwenye seva na kwenye kompyuta yako, uziharibu. Humo nenosiri za watu bado ziko wazi.